Linux ya seva ya Koha: ninayoipendekeza kwa maktaba zetu

Malalamiko ninayopata kutoka kwa wakutubi wa shule hapa Nairobi yanafanana mno. Seva iliwekwa, fundi akalipwa, Koha, ile programu ya kuendesha maktaba, ikafanya kazi vizuri, halafu siku ya kuisasisha ilipofika hakuna aliyeweza. Mmoja amekwama na Koha ya zamani kwa sababu seva yake ni ya CentOS 7, mojawapo ya aina za Linux (yaani distro), ambayo msaada wake uliisha tarehe 30 Juni 2024. Fundi anataka alipwe upya aanze kazi tangu msingi. Jambo hili limeniudhi sana.

Kasi sitaizungumzia, wala uzuri wa skrini. Muulize muuzaji swali moja tu: Koha inaingia kama kifurushi, yaani ikiwa imefungashwa tayari kwa kusakinishwa na kusasishwa? Vifurushi rasmi vya Koha, yaani koha-common, hutengenezwa kwa ajili ya familia ya Debian, yaani Debian na distro zilizotokana nayo kama Ubuntu. Kwenye distro nyingine fundi hulazimika kupakua msimbo na kutafuta kwa mkono moduli za Perl, lugha ambayo Koha imeandikwa nayo. Siku ya kwanza itawaka, na mwalimu mkuu atapiga makofi. Lakini Koha hutoa toleo jipya kila Mei na Novemba, na kila mara kazi hiyo ya mkono inarudi, huku anayejua nini kiliwekwa wapi ni yule fundi peke yake. Akihamia Mombasa, umekwisha.

Namba moja kwangu ni Debian, na siyumbi. Hata anwani ya ghala la Koha huanza na neno debian. Kila toleo lake hutunzwa kwa takriban miaka mitano ukihesabu na muda wa LTS, yaani matunzo ya muda mrefu. Kifurushi chenyewe hutengeneza nakala rudufu kila usiku na kuiweka kwenye /var/spool/koha. Hapo kuna jambo ambalo mafundi hawalisemi: kwa kawaida nakala hizo hufutwa baada ya siku mbili, tena ziko kwenye diski ileile ya seva. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, diski ikaungua, zimeenda zote. Mwambie fundi azihamishie kwenye diski ya nje kabla hujamlipa salio.

Ubuntu Server ni ya pili, ila iwe ya LTS, ile ya Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kama 24.04. Matoleo ya katikati hutunzwa miezi tisa tu. Ukiwekewa hayo, kataa. AlmaLinux na Rocky ni imara kwa kazi nyingine, ila kwa Koha zinakurudisha kwenye ile kazi ya mkono. Fedora hutunzwa kama miezi 13, basi niiache hapo.

Mashine ya ex-UK yenye RAM ya kutosha na UPS inafaa shule ndogo.

Sasa bei. Koha iko chini ya leseni ya GPL, leseni huria isiyodai malipo ya matumizi, na Debian ni ya bure. Bado kuna ankara zinazofika shuleni zikiwa na mstari wa “leseni ya Koha, kwa mwaka”, na karo ya wazazi inalipa. Fundi ana haki ya kulipwa kwa kusakinisha, kufunza na kutunza, na ayaandike hivyo. Kabla ya kutia sahihi, dai nukuu iandikwe jina la distro, namba ya toleo, na kwamba nywila ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa seva, itakabidhiwa shule siku ya kwanza.