TAHADHARI: Anayekuuzia “kifurushi” cha kuhuisha leseni ya nyumba California bila mtihani anaiweka leseni yako rehani

Tahadhari hii ni kwa mawakala na mabroka (broka ndiye ambaye wakala hufanya kazi chini yake) wenye leseni ya real estate, yaani biashara ya nyumba na ardhi, ya jimbo la California, hasa ambao leseni zao zinaisha ndani ya miezi michache ijayo. Tangazo lenyewe huja kwenye magrupu likiwa fupi na tamu: “Leseni inaisha? Usihangaike. Saa 45 zote, bila mtihani, vyeti leo leo, fomu nakujazia mwenyewe. Nitumie dola 800 kwa Zelle pamoja na neno la siri.”

Usitume hela, na neno la siri la akaunti yako ya leseni usimpe mtu. Kila kipande cha ahadi hiyo kina ubovu wake, na matokeo yake humwangukia mwenye leseni, si muuzaji. Yeye namba atabadilisha na jina atabadilisha. Wewe namba yako ya leseni ni ile ile mpaka mwisho.

Tuanze na hela, maana ndipo watu wanapodhani wanapata unafuu. Leseni hii hudumu miaka minne, na kuihuisha kunadai saa 45 za masomo pamoja na ada. Ada ya DRE, idara ya jimbo inayosimamia leseni hizi, ni dola 350 kwa wakala na dola 450 kwa broka ukiwahi kabla ya tarehe ya kuisha. Ukichelewa, wakala analipa 525 na broka 675. Viwango hivi vilianza tarehe 1 Julai 2024, kwa hiyo anayekutajia dola 245 kwa wakala anakusomea bei ya zamani. Masomo ya saa 45 kwenye chuo cha mtandaoni chenye kibali mara nyingi hayafiki dola 100. Wakala anayewahi, basi, anamaliza kila kitu kwa dola 450 au pungufu. Kishoka anakutoza karibu mara mbili kwa kazi ambayo, kama utakavyoona, kisheria hawezi kukufanyia.

Saa 45 zenyewe si saa zozote ilimradi zimetimia. Wakala anayehuisha kwa mara ya kwanza lazima awe na masomo manne ya saa 3 kila moja: maadili, uwakala, utunzaji wa fedha za amana, na udhibiti wa hatari. Kisha kuna Fair Housing, yaani haki sawa katika makazi, saa 3, na Implicit Bias, ule upendeleo ambao mtu anaubeba bila kujijua, saa 2. Hapo zimefika 17. Angalau saa 18 nyingine ziwe za ulinzi wa mlaji. Zinazobaki 10 unachagua kati ya ulinzi wa mlaji na huduma kwa mlaji. Broka wa mara ya kwanza anaongeza somo la saa 3 la usimamizi, kwa hiyo saa zake za kuchagua zinabaki 7. Kuanzia mara ya pili kuna somo la mjumuisho la saa 9 unaloweza kulichukua badala ya kupita kwenye masomo ya lazima moja moja.

Sasa angalia vifurushi vya kishoka vinapovujia. Somo la Implicit Bias, na sharti la Fair Housing kuwa na sehemu ya kuigiza ambamo mwanafunzi anakaa upande wa mteja na upande wa mtaalamu wa nyumba, yaliingia kwa leseni zinazoisha kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Vyeti vingi vya kuchonga hunakiliwa kutoka kwenye mafaili ya zamani. Jumla inasoma 45 sawasawa, lakini Implicit Bias haimo, au Fair Housing ni ile ya kusoma tu. Ombi linakwama, tarehe ya kuisha inapita, na muuzaji hapokei simu tena.

Wenye kibali cha ziada cha mikopo ya nyumba wawe macho zaidi. Kile huhuishwa kila mwaka kupitia NMLS, mfumo wa nchi nzima wa leseni za mikopo ya nyumba, kwa masomo ya saa 8, na mwisho ni tarehe 31 Desemba. Ni njia nyingine kabisa. Saa hizo 8 hazihesabiki ndani ya 45 za DRE isipokuwa somo lenyewe lina kibali cha pande zote mbili. Anayekuambia “nakuunganishia zote kwa bei moja” mwulize namba za kibali za kila upande, kisha msikilize anavyobabaika. Na kama una mzee aliyefikisha miaka 70 na ameshika leseni safi kwa miaka 30 mfululizo, mwambieni asinunue chochote: sheria inamsamehe masomo haya, anachohitaji ni kuomba msamaha huo na kulipa ada.

Tuje kwenye “vyeti leo leo”. Kanuni za DRE haziruhusu mtu kufanya mitihani ya mwisho ya masomo ya kujisomea inayozidi saa 15 za masomo ndani ya saa 24. Saa 45 ni mafungu matatu ya 15. Hata ukikesha, mitihani haiwezi kuingia ndani ya siku moja, na chuo halali kimefunga mfumo wake kuzuia hilo. Mtihani wenyewe ni lazima, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Ukianguka unapewa nafasi moja ya kurudia kwa maswali mengine, ukianguka tena unarudi kulisoma somo. Kwa hiyo “bila mtihani” na “siku moja” ni maneno mawili yanayotosha kumtambua tapeli kabla hujafungua kiungo chake. Kwenye fomu utaandika tarehe ya kuanza na kumaliza kila somo. Saa 45 zilizomalizika tarehe moja ni ushahidi dhidi yako, na utakuwa umeuandika kwa mkono wako.

Ukishikilia cheti, kitazame kwa makini hivi. Kila somo lina namba ya kibali ya tarakimu 8: nne za kwanza ni za chuo, nne za mwisho ni za somo. Ingia dre.ca.gov mwenyewe, kwa kuandika anwani na si kwa kubonyeza ulichotumiwa, fungua sehemu ya kutafuta masomo ya kuendeleza leseni, weka namba. Kinachotokea lazima kifanane na cheti kwa jina la chuo, jina la somo, idadi ya saa na aina ya somo. Kisha tazama muda wa kibali. Kibali cha somo hudumu miaka miwili tu, na mtindo mmojawapo wa vishoka ni kuazima namba halisi ya somo ambalo kibali chake kimekwisha. Namba inaonekana kweli, chuo kweli, ila tarehe ya cheti chako imeangukia baada ya kibali kufa. Wengine hutumia namba hai ya chuo kinachoheshimika. Hapo dawa ni kukipigia chuo chenyewe simu na kuuliza kama jina lako limo kwenye daftari lao. Fanya hivyo kabla ya kutuma ombi la kuhuisha.

Watu huuliza: kama vyeti ni feki, mbona fulani alihuisha na leseni ikatoka? Kwa sababu unapohuisha kwenye eLicensing, mfumo wa DRE wa mtandaoni, huambatishi vyeti. Unaandika namba za masomo na tarehe, kisha unathibitisha kwamba ulichoandika ni kweli, ukijua uongo hapo ni sawa na kiapo cha uongo. Mfumo unaweza kuipokea namba iliyo hai bila kujua kama ulikaa darasani. Kutoka kwa leseni, basi, hakuthibitishi kwamba vyeti ni safi. DRE wanaweza kukudai vyeti baadaye, na kupata leseni au kuihuisha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu 10177(a) cha sheria ya biashara na taaluma ya California. Adhabu inaweza kufika kusimamishwa au kufutiwa leseni, na hatua za nidhamu huwekwa wazi kwenye rekodi ya leseni ambayo mteja yeyote anaisoma bure.

Hapo ndipo penye kiini cha onyo hili. Kiapo ni chako. Rafiki anaweza kukaa nawe akakuonesha pa kubonyeza, chuo kinaweza kukufundisha, lakini anayejifanya wewe ndani ya eLicensing anaapa uongo kwa jina lako.

Neno la siri likishatoka, mambo hayaishii kwenye kuhuisha. Ndani ya akaunti hiyo mtu anaweza kubadilisha anwani ya posta na baruapepe, na tangu siku hiyo taarifa zako zinamfuata yeye. Wengi hudaiwa pia namba ya Social Security na picha ya leseni ya udereva, na kwa vitu hivyo mtu anafungua mikopo. Ada yenyewe ikilipwa kwa kadi ya wizi, benki ya mwenye kadi ikirudisha hela, kwa DRE unahesabika hukulipa. Wapo pia wanaoongeza “ada ya alama za vidole”. Alama hutolewa mtu anapoomba leseni ya kwanza, kuhuisha kwa kawaida hakuzidai upya.

Usishtuke tapeli akikutajia namba yako ya leseni, jina la broka wako na tarehe ya kuisha. Hayo yote yako hadharani kwenye ukurasa wa DRE wa kutafuta leseni. Kuyajua hakumfanyi kuwa mtu wa serikali. Ndiyo maana barua na baruapepe za “NOTISI YA MWISHO” zenye nembo huonekana za kweli mno. Tazama anwani ya tovuti inakoishia: ya DRE huishia na dre.ca.gov, bila kistari wala neno la ziada baada yake, isipokuwa alama ya / na jina la ukurasa. Na simu za anayejiita afisa wa DRE, akikutisha kwamba leseni imesimamishwa na unachunguzwa, kisha anaomba taarifa za siri au malipo ya kadi za zawadi, kata. Piga mwenyewe kwa namba iliyoandikwa dre.ca.gov.

Njia halali ni fupi. Angalia tarehe yako ya kuisha kwenye ukurasa wa kutafuta leseni. Maliza masomo mapema, hata mwaka mzima kabla, ilimradi yamo ndani ya miaka minne inayotangulia kuhuisha. eLicensing hufunguka siku 90 kabla ya leseni kuisha: ingia, andika masomo, lipa kwa kadi yako, hifadhi risiti. Anayetaka karatasi, wakala anajaza fomu RE 209, broka RE 208, na masomo huorodheshwa kwenye RE 251. Baada ya siku chache rudi kwenye ukurasa wa kutafuta leseni uone tarehe mpya, maana picha ya skrini uliyotumiwa na mtu haina thamani yoyote.

Ukichelewa, usikimbilie kwa kishoka kwa hofu. Una miaka miwili ya kuhuisha kwa ada ya kuchelewa bila kurudia mtihani wa jimbo. Ila ndani ya muda huo huruhusiwi kufanya kazi yoyote inayohitaji leseni, na kamisheni ya kazi uliyoifanya leseni ikiwa imekwisha ni balaa kwako na kwa broka wako. Miaka miwili ikipita, unaanza upya na mtihani.

Kama umeshalipa, fanya haya leo. Badilisha neno la siri la eLicensing na la baruapepe yako, kisha kagua kama anwani zilizomo ni zako. Piga simu benki. Ukilipa kwa kadi una nafasi nzuri ya kudai hela, kwa Zelle nafasi ni finyu lakini toa taarifa hivyo hivyo. Kama ulitoa namba ya Social Security, funga taarifa zako za mikopo kwa kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Ni bure, na lazima ufunge kote kutatu. Ripoti kwa DRE, kwa reportfraud.ftc.gov ya tume ya biashara ya serikali kuu (FTC) na kwa ic3.gov ya FBI. Kama leseni bado haijahuishwa, tupa vyeti hivyo na usome masomo ya kweli, muda wa siku chache unatosha. Kama ilishahuishwa kwa vyeti feki, usiandike barua wala kujieleza kwa simu kabla ya kuonana na wakili anayeshughulikia kesi za leseni, na usimruhusu muuzaji “akusahihishie” kwa malipo mengine.

Wasimamizi wa magrupu, kabla ya kufuta tangazo la namna hii, pigeni picha ya skrini inayoonesha namba ya simu, akaunti ya kupokelea hela na tarehe. Likishafutwa, aliyelizwa anabaki bila cha kuambatisha kwenye ripoti.