Mama wa tafsiri karibu na soko la Majengo, Dodoma

Sisi tunayeyusha alumini tunasubu sufuria, mwezi uliopita tukaletewa karatasi za mzigo wa vitofali vya alumini kutoka Maputo, Kireno kitupu. Nikazipiga picha nikaipa programu moja ya tafsiri kwenye simu, ikanirudishia "baa za alumini". Baa! Mhasibu akagoma kusaini na kiukweli simlaumu.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu mama ana kiofisi kidogo karibu na soko la Majengo. Jamani nendeni. Kabla hajaandika hata mstari akaniambia "mwanangu, niletee hicho kitu chenyewe nikione". Nikampelekea kimoja kwenye kiroba, akakigeuza, akapitisha kidole ubavuni taratibu, huku pamepanuka kule pamebana, akasema hiki kimemiminwa, ubavu umelazwa hivi ili kichomoke kwenye kalibu, kwa hiyo Kiswahili chake ni mkuo, hapa tunaandika mikuo ya alumini. Aisee miaka tisa nipo kwenye tanuru na neno silijui, sisi tunaita vitofali tu.

Nikamuuliza mbona kwenye karatasi ni lingote, akanielewesha vizuri mno. Kihispania nao lingote, Waitaliano lingotto (Torino kuna eneo lina jina hilo, ndo kwenye kile kiwanda cha zamani cha Fiat chenye njia ya kujaribia magari juu ya paa), Wafaransa lingot, Waingereza ingot. Wengi wanaona limeanzia kwa Waingereza, maana yake kilichomiminwa ndani, Wafaransa walivyolichukua ile L yao inayotangulia jina ikagandia humohumo. Nikaona kama haiingii akilini, akasema mbona sisi tunasema alfajiri na Alhamisi, ile "al" ya Waarabu si tumeibeba nayo? Hapo nilinyamaza. Wajerumani wenyewe wanasema Barren, hilo ni ndugu wa bar, na simu yangu nayo ilipita njia ya bar ikatokea baa.

Bei elfu kumi kwa ukurasa, siyo rahisi, na aliniambia siku mbili zikawa nne, simu hapokei ovyo akiwa anaandika. Ila mhasibu alisoma mara moja akasaini palepale, hakuuliza kitu. Kazi ya namna hii mi nailipia tena bila kusita.

Jumamosi anafunga saa sita mchana, wahini.