Apu ya mazoezi ya ubongo kwa wazee, nyota 2 kati ya 5

Wadau mnaotaka kuwawekea wazazi hizi apu za kunoa ubongo someni kwanza hapa. Hii nilimwekea mama, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ana miaka 69, jina la apu siliweki maana nyingi zinafanana tu. Gemu zenyewe sio mbaya, ile ya rangi ndo kali, linakuja neno "kijani" limeandikwa kwa rangi nyekundu alafu unatakiwa ubofye rangi unayoiona sio neno unalosoma, kipimo cha mwanasaikolojia Stroop hicho, cha tangu 1935, na kweli kinaigusa sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, ile inayokushika breki usijibu kitu cha kwanza kilichokujia. Sehemu hiyo ni kati ya zinazosinyaa zaidi mtu akizeeka, so mzee kuchelewa hapo ni kawaida kabisa.

Shida ni matokeo sasa. Karibu kila gemu ina saa inayokimbia, vitufe vidogo kama punje za ulezi, alafu mwishoni inamwambia mtu mzima "umri wa ubongo wako ni miaka 84"!! Mama alinuna mpaka jioni. Yani wamepima spidi ya kidole wakaiita akili. Mwanasaikolojia Cattell alishatenganisha hivi vitu zamani, kuna akili ya kutatua jambo jipya chapchap, hiyo inaanza kushuka ukiwa bado kijana, na kuna ya mambo uliyojifunza, misamiati na maarifa, hiyo inadumu mpaka uzeeni hukoo. Kwenye gemu la maneno lisilo na saa mama alitugaragaza wote, na mdogo wangu yuko chuo.

Alafu ile ahadi kwamba inazuia kusahau msiimeze. 2016 Lumosity, wenye apu ya kunoa ubongo kama hizi, walikubali kulipa dola milioni 2 kumalizana na FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, kwa matangazo ya aina hiyo hiyo. Ukicheza sana gemu la rangi unakuwa fundi wa gemu la rangi, haimaanishi utakumbuka kama umekunywa dawa ya presha, na hiyo presha ikikaa sawa ndo ubongo unalindwa zaidi.

Ukitumia ya bure matangazo ya kubeti yanaingia katikati na saa inaendelea kuhesabu, ya kulipia inakata hela yenyewe kila mwezi usipoizima. Mama kasema ifutwe, ila gemu la maneno bado analidai, anayejua apu yenye hilo tu bila saa anishtue.