Tahadhari: Seti za mipira ya rejeta ya "silikoni" zilizochanganywa na mpira uliopakwa rangi

Natoa tahadhari hii kwa wamiliki wa Peugeot 504 na magari mengine ya zamani kuhusu muuzaji wa spea anayetangaza mtandaoni kile anachokiita seti kamili ya silikoni, ya rangi ya buluu: mpira wa juu wa rejeta (yaani bomba laini la maji ya kupoza injini), mpira wa chini, mipira miwili ya hita, na kipande cha mita moja anachodai kuwa ni cha petroli. Katika seti niliyouziwa mimi, ni mpira wa juu peke yake uliokuwa silikoni ya kweli. Iliyobaki ilikuwa mpira wa kawaida, tena dhaifu, uliopakwa rangi ya kufanana nao. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu shauri liko polisi, na hata ningelitaja lisingewafaa, kwani tangu nianze kumdai amebadilisha jina la akaunti mara mbili huku picha za bidhaa zikibaki zile zile.

Gari langu ni la mwaka 1979, lenye injini ya karibureta ya cc 1971, na mipira yake ilikuwa imeanza kupasuka nyufa karibu na kilipu, yaani vibanio vinavyoishika. Niliamua kuweka silikoni kwa sababu inayojulikana na wengi: huvumilia joto la karibu nyuzi 180, haikauki upesi kama mpira, na kwa gari linalotoka mara moja kwa wiki mtu hutarajia kuifunga na kuisahau kwa miaka. Bei ya Sh 14,500 haikunishtua, na sasa naona kwamba ilipangwa isinishtue, kwa kuwa si rahisi kiasi cha kutiliwa shaka. Nilipoomba uthibitisho alinitumia video akichoma kipande kwa kiberiti, kikaacha jivu jeupe, jambo ambalo ni dalili sahihi ya silikoni. Sikujiuliza kipande kile kilikatwa kwenye mpira upi. Wakati wa kulipa alisema till yake, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo ya M-Pesa, ina hitilafu, akanipa namba ya simu ya mtu binafsi yenye jina jingine kabisa. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama.

Mzigo ulifika kwa basi. Mpira wa juu ulikuwa mzito, wenye maandishi yaliyonyooka na ncha zilizokatwa safi, na kwa kuwa ndio mtu huushika kwanza na ndio unaoonekana boneti ikifunguliwa, nilitosheka. Kijana anayenitengenezea gari pale Changamwe, Mombasa, alikuwa mwangalifu kuliko mimi. Aliufinya mpira wa chini kwa vidole viwili ukalala bapa, akaniuliza, "Ami, mbona huu hauna waya ndani?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba silikoni ndivyo ilivyo, laini. Akaufunga kwa heshima tu.

Wiki ya pili nilianza safari ya Voi. Hadi Mariakani gari lilikwenda vizuri, lakini baada ya Samburu, kila nilipoongeza mwendo sindano ya joto ilipanda, na nilipopunguza ikashuka. Wanaojua injini wameshaelewa: wota pampu huvuta maji kupitia mpira wa chini, na ukiwa mwepesi usio na waya wala tabaka za kitambaa, mvuto ule huubana ukajifunga wenyewe, maji yakaacha kuzunguka. Mimi nilidhani ni thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Mbele kidogo sindano ilishuka ghafla hadi chini kabisa, nami nikashukuru kwamba tatizo limejitatua, kumbe mpira mmoja wa hita ulikuwa umepasuka, maji yote yamekwisha, na kipimo kinaning'inia hewani hakina maji ya kupima. Niliposikia injini inagonga nilikuwa nimechelewa. Nilivutwa na lori hadi Mackinnon Road, nikakaa kivulini pale msikitini kwa Seyyid Baghali Shah, ambapo wasafiri wengi husimama, nikisubiri fundi.

Injini ya 504 ina hedi (sehemu ya juu inayofunika silinda) ya alumini juu ya bloki ya chuma, na alumini ikipata moto wa namna ile hupinda. Hedi yangu ililazimika kusawazishwa kwenye mashine, na gasketi ikabadilishwa. Gharama yake ilizidi bei ya mipira mara tatu.

Nyumbani niliikata mipira yote kwa kisu, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kuifunga yasingenipata haya. Ule wa juu ulionyesha tabaka tatu za kitambaa ndani ya ukuta wake, na ubuluu ulipenya hadi katikati. Ya hita ilikuwa na moyo mweusi mtupu, bila uzi hata mmoja, na ngozi ya rangi iliyobanduka kwa ukucha kama maganda ya kitunguu. Niliposugua wa chini kwa kitambaa chenye thina, kitambaa kilitoka buluu. Nilipowasha kipande chake ukatoka moshi mweusi na masizi, wala si jivu jeupe. Kwa hiyo anayenunua kwa mtu yeyote asiyemfahamu adai picha ya ncha iliyokatwa ya kila mpira, si mmoja, na mzigo ukifika anyofoe kipande chembamba kutoka mwisho wa kila mmoja akichome. Mipira mingi huja mirefu kuliko inavyohitajika, kwa hiyo milimita tano hazitakosekana.

Sitaki mtu aelewe kwamba naikataa silikoni. Nimeshafunga seti nyingine, nikaikata na kuichoma kwanza, na inafanya kazi. Inataka tu kilipu zenye ukanda laini upande wa ndani, kwa sababu zile zenye matundu huila, na kukazwa tena baada ya injini kupata moto mara ya kwanza.

Fedha sikuzipata. Nilituma ujumbe wa muamala kwenda 456, namba ya Safaricom ya kuomba kurejeshewa pesa za M-Pesa, lakini zilikuwa zimeshatolewa siku ile ile. Muuzaji alinijibu mara moja tu, akisema fundi wangu ndiye aliyebadilisha mipira, na baada ya hapo akanizuia. Hivi sasa anatangaza seti za Land Rover kwa picha ile ile, akiwa amefuta tu neno Peugeot, ingawa yeyote aliyewahi kufungua boneti za magari hayo mawili ataona kwamba kona ya mpira ule haiwezi kuingia kwenye Land Rover.

Lililonisukuma kuandika leo ni kile kipande cha petroli. Mimi sikukifunga, kwa bahati tu, kwa sababu mipira yangu ya mafuta ilikuwa mipya. Hata kingekuwa silikoni halisi, silikoni ya kawaida haifai kwa petroli wala oili: huvimba, ikalainika, ikapitisha mafuta, na petroli ikidondoka juu ya injini yenye moto hatuzungumzii tena hedi iliyopinda. Mpira wa petroli huandikwa alama ya kiwango SAE J30, na ule wa maji ya rejeta SAE J20, na hauwezi mmoja kushika nafasi ya mwingine. Ikiwa umenunua seti hii na fundi amekifunga kipande hicho kati ya tangi na karibureta, usiwashe gari. Chomoa terminali ya betri, kitoe kipande hicho injini ikiwa baridi, na uweke mpira wa petroli wenye maandishi hayo kabla halijatoka uani.