Biblia ya marejeo kwa Mkristo kijana: tathmini baada ya miezi tisa ya kuitumia Kigoma

Biblia ninayoizungumzia niliinunua mwezi wa kumi mwaka jana, kwa shilingi 32,000, katika duka dogo la vitabu vya Kikristo lililopo Mwanga, hapa mjini Kigoma. Ilikuwa wiki moja tu baada ya wazee wa kanisa letu kunikabidhi darasa la vijana. Nilikuwa na umri wa miaka 22, nilikuwa nimebatizwa miezi kumi na minne iliyopita, na kila nilipofikiria kusimama mbele ya vijana ambao wengine wamelelewa kanisani tangu utotoni, mikono ilikuwa ikinitoka jasho. Natoa maelezo haya ili yasaidie kijana mwingine aliye mchanga katika imani na anayetafuta Biblia ya kutumia kila siku. Nitaitathmini kwa kadiri ilivyonifaa katika hali hiyo.

Kwanza niseme juu ya huduma ya dukani. Nilimwamkia mama muuzaji, akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na muuzaji yeyote: "Mwanangu, unataka ya kusoma au ya kubeba?" Nilipomweleza shida yangu alizitoa nakala tatu kwenye nailoni zake, akazipanga juu ya meza karibu na mlango penye mwanga, na akafungua zote mahali pamoja, Yeremia sura ya kwanza, akaniambia nisome ili nione ni herufi zipi zinayatosha macho yangu. Nikasoma mara tatu, katika herufi za ukubwa tofauti, maneno ya kijana aliyeitwa na Mungu akajibu, "siwezi kusema, maana mimi ni mtoto." Mama hakuongeza neno lolote. Alisubiri nimalize, akanitajia bei ya kila moja, na hakunihimiza nichukue ile ya bei kubwa.

Niliyoichagua ni ya tafsiri ya Union Version, yenye vitabu 66, marejeo chini ya kila ukurasa, itifaki fupi mwishoni (yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana), ramani, na jalada la zipu. Tafsiri hii ilikamilika mwaka 1952, ikiunganisha kazi zilizotangulia za Kiunguja na Kimvita, na hivyo Kiswahili chake ni cha pwani na cha enzi ya babu zetu. Kwa mtu aliyekulia Kiha nyumbani na Kiswahili cha shuleni, maneno kama "awaye yote" na "babaye" yanahitaji kuzoewa. Mwezi wa kwanza nililazimika kuazima Biblia ya Habari Njema, tafsiri iliyo katika Kiswahili chepesi zaidi, na kuziweka mbili hizo sambamba. Mfano mmoja ulinionyesha faida ya kufanya hivyo. Katika Marko 9:24, baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu anasema katika Habari Njema, "Naamini! Lakini imani yangu haitoshi, nisaidie!" Maneno hayo yanaeleweka mara moja na yeyote atakayeyasikia. Union Version inasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hapa mtu huyu haiti imani yake pungufu tu, anakiri kwamba ndani yake mna kutokuamini kabisa, na kutokuamini huko huko ndiko anakokuombea msaada. Mimi nilihitaji sentensi hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa hali yangu, na nilikuwa nimeificha hata katika maombi yangu ya faraghani. Na mtoto wa yule baba alipona siku ile ile.

Sehemu iliyonipa thamani kubwa kuliko zote ni marejeo. Kwa asiyeyafahamu, haya ni namba ndogo chini ya ukurasa zinazokuelekeza kwenye aya nyingine zenye jambo linalofanana. Jioni ile ya kwanza nilianzia pale pale kwenye Yeremia 1:6. Marejeo yakanipeleka Kutoka 4:10, ambapo Musa anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, na kutoka hapo 1 Wafalme 3:7, ambapo Sulemani, akiwa tayari ameketi katika kiti cha enzi, anasema, "nami ni mtoto mdogo tu; sijui jinsi inipasavyo kutoka wala kuingia." Gideoni nilimkuta mwenyewe katika Waamuzi 6, akijitetea kuwa yeye ni mdogo katika nyumba ya baba yake, kisha akiomba ishara ya ngozi ya kondoo, na alipopewa akaomba tena kinyume chake usiku wa pili, na akapewa tena. Nilikuwa nimezisikia habari hizi kila moja kwa wakati wake, lakini sikuwahi kuziona zikiwa zimeunganishwa kwa uzi mmoja. Somo langu la kwanza kwa vijana lilitoka katika ukurasa ule, na nililifundisha huku sauti ikitetemeka mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu itifaki, nina sifa na nina lawama. Nilipotafuta neno "shaka" nilipata Mathayo 28:17, aya ambayo nadhani wengi wetu huipita haraka tukielekea Agizo Kuu, yaani amri ya Yesu ya kwenda kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi: wale wanafunzi kumi na mmoja walimwona Yesu aliyefufuka wakamsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Mara tu baada ya aya hiyo wanatumwa, wote, bila wenye shaka kutengwa kando. Hata hivyo itifaki hiyo hiyo ilinipeleka pia Yakobo 1:6, pasemapo kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari lililochukuliwa na upepo. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika hahitaji kuelezwa maana ya wimbi. Niliinakili aya hiyo kwenye karatasi, na kwa majuma mengi ilinielemea, kiasi kwamba nilifikiria kuwarudishia wazee darasa lao.

Mwezi wa saba tulikwenda na vijana kwa boti kutoka Kibirizi hadi kijiji kimoja cha kaskazini, siku ambayo kusi lilikuwa likivuma. Maji yaliingia botini. Zipu ya Biblia yangu ilikuwa imeachia meno machache kwenye kona ya nyuma, na maji yakapenya hapo, yakalowesha kurasa za mwisho kuanzia Yakobo hadi kwenye ramani. Tulipofika nilikaa uani kwa wenyeji wetu nikizitenganisha kurasa moja moja kabla hazijagandana, nikiweka kijiwe juu ya kila fungu upepo usizirushe, na umbali wa hatua chache dagaa walikuwa wameanikwa juani. Kazi hiyo humlazimisha mtu kusoma. Ndipo nilipoiona aya ya tano ya Yakobo 1, iliyotangulia tu ile iliyokuwa ikinitesa: "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei." Nikairudia hiyo "wala hakemei" mpaka mwenyeji wetu akaniuliza kama ninaomba. Kurasa chache mbele, katika Yuda aya ya 22, nikakuta agizo kwa kanisa lenyewe: "Wahurumieni wengine walio na shaka." Itifaki ya nakala hii haina aya hiyo chini ya neno shaka, na huo ni upungufu wa kweli. Upungufu mkubwa zaidi ni wangu na wa yeyote anayeitumia kama nilivyoitumia mimi, kwa kuchomoa aya moja na kuiacha jirani yake. Bado siielewi aya ya sita yote, wala sitaki kuilainisha. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu siku ile nimekuwa nikiomba hekima kila Jumamosi usiku bila kuhisi kwamba nabisha hodi kwa mtu aliyekasirika.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Herufi ni ndogo, na kwa mwanga wa taa ya sola zinachosha macho baada ya nusu saa. Karatasi ni nyembamba, hivyo kalamu ya wino huvuja upande wa pili, tumia penseli. Pambizo linatosha kuandika maneno manne au matano. Mshono wa kurasa haujaachia hata baada ya maji, na hilo limenishangaza kwa uzuri. Zipu ilitengenezwa na fundi viatu kwa shilingi 2,000, ingawa nakushauri uikague dukani kwa kuifunga na kuifungua mara kadhaa kabla hujalipa. Mwenye uwezo wa kuongeza shilingi kumi au kumi na tano elfu achukue yenye herufi kubwa, na asikubali kamwe nakala isiyo na marejeo, hata ikiwa na jalada la kupendeza namna gani.

Jumamosi iliyopita nilirudi dukani nikiwa na msichana wa miaka kumi na sita kutoka darasa letu, ambaye ameombwa kusali mbele ya ibada ya vijana na tayari amenijia mara mbili kutaka kujitoa. Mama alitoa nakala tatu, akazipanga karibu na mlango, akazifungua Yeremia. Msichana alisoma kimya, akarudia, kisha akauliza kama inaruhusiwa kuandika ndani yake. Mama akavuta droo ya meza, akatafuta kidogo, akampa penseli iliyokwisha kuchongwa.