Laini nne kwenye pochi: uzoefu wangu na mitandao ya simu Tanzania

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Nanunua mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, nakoboa hukohuko mashineni, napakia kwenye fuso na kuuza Tandale na Tandika, Dar es Salaam. Mkulima, mwenye mashine, dereva, dalali na mnunuzi wa jumla, wote nafanya nao kazi kwa simu, na wengine hatujawahi kuonana uso kwa uso. Mtaji wangu wote unapita humo, ndiyo maana nina mengi ya kusema kuhusu mitandao yetu.

Watu wakiulizana mtandao upi mzuri, mjadala unaishia kwenye bei ya bando na kasi ya intaneti. Mimi huwa naanzia kwingine: mtu wa mtandao huu anampataje mtu wa mtandao ule, na kwa bei gani? Nimeziona huduma hizi tangu enzi za Mobitel na Tritel, na kwa macho yangu zilinoga pale kampuni zilipofunguliana milango. Kila kampuni ilipojifungia na wateja wake, tulioumia ni sisi.

Vijana waliozaliwa na simu mkononi hawajui tulikotoka. Kabla yake ilikuwa simu ya mezani ya TTCL, na kuipata nyumbani ilikuwa kazi. Mobitel ilianza katikati ya miaka ya 1990, Tritel ikaja na baadaye ikafa, Zanzibar wakaipata Zantel mwaka 1999. Vodacom ilipoingia Agosti 2000, laini zote za mkononi nchini zilikuwa laki moja na ushei tu. Celtel ikafuata mwaka 2001. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio: mwaka 2005 laini zilikaribia milioni 3, mwaka 2010 zikakaribia milioni 21, mwaka 2020 zikavuka milioni 51, na mwaka 2023 ulipoisha zilikuwa zimefika milioni 70. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Laini zimewapita watu, tena wakiwemo watoto wachanga, na aliyefanya biashara miaka ile ya kati anajua sababu yake.

Sababu ni kwamba kupiga nje ya mtandao wako kulikuwa kunaumiza mfuko. Wakulima wangu wengi walikuwa Celtel, ambayo ikaja kuwa Zain na kisha Airtel. Madalali wa Tandale walikuwa Vodacom. Madereva walipenda Tigo, ile iliyotokana na Mobitel na ambayo leo inaitwa Yas. Wazee wa kazi mnakumbuka namba za 0744, 0741 na 0748 kabla hazijageuzwa kuwa 0754, 0713 na 0784: ukiona namba tu unajua utakatwa kiasi gani. Basi nikawa natembea na laini nne kwenye pochi, nyingine nimezikunja kwenye kikaratasi, nazibadilisha kufuatana na ninayetaka kuongea naye. Simu za laini mbili zilipoingia Kariakoo tulizigombania kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo nikisikia takwimu za laini kuongezeka, najua sehemu yake ilikuwa mtu mmoja kama mimi kulazimika kuhesabiwa mara nne.

Nyuma ya bei hizo kuna malipo ambayo mteja hayaoni. Ukipiga kwenda mtandao mwingine, kampuni yako inailipa kampuni ile kwa kila dakika. Malipo hayo yalikuwa shilingi 112 kwa dakika. Mwezi Machi 2013 TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, iliyashusha hadi shilingi 34.92, mwezi Januari 2018 yakawa shilingi 15.60, na kufikia 2022 yalikuwa shilingi 2. Kwangu mimi uamuzi ule wa TCRA una thamani kuliko matangazo yote ya redioni niliyowahi kuyasikia. Taratibu zikaanza kuja bando za dakika za mitandao yote, na laini mbili kati ya zile nne nikaziacha zife. Ninazo mbili sasa, na ya pili naishikilia kwa sababu ya mnara, nitaeleza.

Kwenye pesa ndiko nilikoona mabadiliko makubwa zaidi. Zamani hela ya kununulia mpunga ilisafiri na mtu. Unaishona kwenye nguo ya ndani, unapanda basi la Mbeya alfajiri, halafu unakaa macho njia nzima, Mikumi hadi Makambako, ukimwangalia kila abiria kwa wasiwasi. Wengine walimkabidhi kondakta bahasha na kumwomba Mungu. Wajanja walinunua vocha za kukwangua, wakamsomea mkulima zile tarakimu kwenye simu, na yeye akaziuza kijijini kwa fedha taslimu baada ya kukatwa kidogo. Kwa hiyo M-Pesa ilipoanza hapa mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, sisi wa mazao hatukuhitaji kushawishiwa. Tulichokosa mwanzoni ni mawakala wenye fedha taslimu ya kutosha. Unamtumia mkulima laki tano, anafika kwa wakala anaambiwa ipo elfu themanini tu, arudi kesho.

Tigo Pesa na Airtel Money zilipoingia, nilidhani tumepona. Kumbe kila pochi ya simu ilikuwa kisiwa. Nikimtumia mtu wa mtandao mwingine, haikuingia kwenye simu yake: alipata ujumbe wenye namba ya siri, akatakiwa amtafute wakala wa mtandao wangu aitoe yote kwa mkupuo. Kijijini ambako wakala ni mmoja, na ni wa mtandao mwingine, hela ile ilikuwa kama haipo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikaanza kupitishiana pesa moja kwa moja, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Hapo nchi yetu ilizitangulia nyingi barani. Majirani zetu Wakenya walianza hatua kama hiyo mwaka 2018. Nakumbuka nilivyofurahi kumtumia mkulima wa Airtel kutoka M-Pesa na yeye akanijibu papo hapo, "Mama, imeingia, na ya kutolea nimeiona." Sikuhitaji tena kumuuliza mtu ana mtandao gani kabla ya kukubaliana bei.

Hiyo ya kutolea, yaani ada ya kutoa hela kwa wakala ambayo mtumaji humwongezea mpokeaji, ndiyo lalamiko langu la kwanza. Katika biashara yetu ukituma bila ya kutolea unaonekana huna adabu, na kwa mzigo wa gunia nyingi fedha hiyo ni gharama kamili inayokula faida. Julai 2021 serikali iliongeza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kufuatana na kiasi. Wakulima wengine walirudi kudai taslimu, na mimi nikaona watu wakianza tena kusafiri na hela mwilini. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo na baadaye ikashushwa zaidi. Nashukuru kilio chetu kilisikika, lakini ada ya kutoa bado ni kubwa kwa mtu anayeuza debe moja la mpunga. Njia ninayoipenda ni Lipa Namba, ile namba ya mfanyabiashara ya kulipwa kwa simu: mwenye mashine yangu analipwa humo, naye analipia umeme wa LUKU na mafuta bila kuishika noti. Fedha ikizunguka bila kutolewa, hakuna wa kukatwa ya kutolea. Sifa nyingine niitoe palepale: mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kutugawia wateja faida ya fedha zetu zilizokaa benki. Kilikuwa kiasi kidogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza kampuni ya simu kunirudishia kitu bila kunitaka niongeze salio.

Sasa nirudi kwenye mnara. Mjini ubora wa mitandao umekaribiana sana, na anayeniambia mmoja ni bora kuliko wote Dar es Salaam namuuliza ni bora mtaa gani. Ukitoka barabara kuu ya Mbeya ukaingia mashambani, tofauti unaiona. Halotel ya Wavietnam ilipoanza mwaka 2015, ilielekeza nguvu vijijini, na kwenye skimu za umwagiliaji ninakonunua mpunga kuna sehemu niliipata yenyewe wakati laini yangu kuu haionyeshi hata kijiti kimoja. Ndiyo laini yangu ya pili hadi leo. Kampuni haziwezi kulaumiwa kwa kila kitu: mnara unataka umeme, barabara na wateja, na kata yenye watu wachache haimrudishii mtu hela yake haraka. Ndiyo kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaozipa kampuni ruzuku zijenge kusiko na faida. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ombi langu kwa wanaosimamia ni moja: mnara ukijengwa kijijini, utumike na mitandao yote. Mkulima asilazimike kununua laini mpya kwa sababu mnara ulio karibu na shamba lake si wa kampuni yake.

Intaneti nitaigusa kwa ufupi. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 tuliachana na kutegemea satelaiti, na miaka michache baadaye nikaanza kutumiwa picha za mchele kwa WhatsApp, naona chenga na rangi yake kabla sijalipa hata shilingi. Hilo limenipunguzia hasara kuliko kitu kingine chochote. Mwezi Mei 2024 mikongo miwili ya baharini ilipokatika, kazi yangu ilisimama, wanunuzi wakawa wananipigia kuniuliza mbona sijibu ujumbe. Bado sipendi bando kuisha muda wakati GB zipo. Nimelipia, ziache zikae. Aprili 2021 bei mpya za bando zilipoanza, watu walipiga kelele hadi zikasitishwa, kwa hiyo najua mteja akilalamika kwa pamoja husikika.

Kuna kampuni moja, jina naliacha, iliyokuwa ikinikata salio kila siku kwa huduma ya ujumbe ambayo sikuiomba. Kidogo kidogo, kiasi kwamba asiyeangalia salio hawezi kugundua. Nilipiga huduma kwa wateja, nikasubiri sana, dada aliyepokea alikuwa mpole na akaiondoa, lakini fedha zilizokwisha katwa hazikurudi. Mama yangu mzazi kijijini asingeweza kufanya hivyo, na yeye ndiye anayehitaji kulindwa zaidi yangu. Mteja asajiliwe kwenye huduma ya kulipia pale tu anapokubali mwenyewe.

Na matapeli. Wote tunaijua meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole na zisizosajiliwa kufungwa kuanzia Januari 20, 2020, nilitarajia meseji hizo zitaisha. Zimepungua kwangu, hazijaisha. Ukiipata, itume kwenda 15040, ni namba ya TCRA ya kuripoti. Mimi naituma kila mara, na nawahimiza wakulima wangu wafanye hivyo, kwa sababu msimu wa mavuno ndio matapeli wanaoutaka.

Kwa jumla ya huduma nazipa mitandao yetu nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya ada ya kutolea na vijiji visivyo na mnara. Uhuru wa kuhama mtandao na namba yako tunao tangu Machi 2017, lakini kati ya watu ninaofanya nao biashara sijaona wengi walioutumia. Wengi hununua laini nyingine, na mimi naona hasara hapo, maana kampuni isiyoogopa kukupoteza haina haraka ya kukurekebishia.

Kwa anayeanza biashara ya mazao: usichague laini kwa matangazo, wala kwa mtandao wa rafiki zako wa mjini. Nenda hadi shambani unakonunua, muulize mkulima anashika mtandao upi akiwa majarubani, na muulize wakala wa pale fedha taslimu yake huwa inafika kiasi gani siku ya soko. Laini yenye majibu mazuri ya maswali hayo mawili ndiyo yako, isajili kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA) mwenyewe, si cha mdogo wako wala cha kijana wa dukani. Halafu piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa jina lako, na ukikuta usiyoijua, nenda duka la kampuni husika siku hiyohiyo ukaifute.