COBOL: MOVE au NUMVAL?
Katika lugha ya programu ya COBOL, maandishi yenye tarakimu unaweza kuyageuza kuwa namba kwa amri ya MOVE au kwa funksheni ya NUMVAL. Kama tarakimu zimejaza nafasi zote, mfano "00125", MOVE inatosha: inazipeleka kwenye PIC 9(5) (sehemu ya namba yenye tarakimu tano) upesi, kazi imeisha. Balaa ni nafasi tupu. "125" ikifuatiwa na nafasi mbili, kwenye kompyuta kuu za IBM inaweza kusomeka 12500 bila onyo lolote, na mteja akadaiwa mara mia.

NUMVAL ni nzito kidogo, lakini hupuuza nafasi za pembeni na huelewa alama ya kutoa na nukta ya desimali. Kiasi chenye koma, kama "1,250.75", kipe NUMVAL-C. Takataka kama "12A" ichujwe mapema kwa TEST-NUMVAL, kama kompaila yako inayo. TEST-NUMVAL ikirudisha 0, yaani maandishi ni namba halali, endelea. Data iliyochapwa na binadamu mimi siipitishi kwenye MOVE.